Aliyechanganya Dawa Ni Mimi

Mabatini, Mwanza
Jumamosi, saa tisa alasiri

Kabula mwanangu,

Mmetoka na mdogo wako kwenda kumuaga bibi, baba yako yuko stendi anahangaikia tiketi yako ya kesho, na mimi nimebaki hapa mezani. Mambo ya blanketi, baridi ya Mbeya na kutompa mtu usiyemjua namba yako ya siri nimeshakuambia mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza, kwa hiyo siyarudii. Ninachoandika hapa sijawahi kukuambia. Ningeweza kukuacha upande basi bila kukijua, na pengine ungesoma na kumaliza chuo bila kukijua. Nimekataa.

Unakumbuka tulivyohama Misungwi. Ulikuwa darasa la sita. Uliniuliza kwa nini tunaiacha nyumba ya kituo cha afya, yenye uwanja na ile mipapai, tunakuja kupanga vyumba viwili huku Mabatini. Nikakujibu, "Uhamisho. Ndivyo kazi ya serikali ilivyo." Uhamisho ulikuwepo, na barua yake ninayo mpaka leo. Ila barua hiyo ilikuwa na sababu, na sababu hiyo niliikunja nikaiweka chini ya nguo zangu za kanisani.

Unamkumbuka pia Editha. Ulikuwa unamwita ma'mdogo, na yeye ndiye aliyekufundisha kusuka nywele kwa kutumia nyuzi za gunia. Siku moja akaacha kuja kwetu. Ukauliza mara mbili tatu, nikakuambia amerudi kwao Usagara. Hilo nalo lilikuwa kweli, na nalo lilikuwa uongo.

Nilikuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto. Nilikuwa na miaka kumi na tano kazini na nilijiona hodari, nakuambia bila kujificha. Manesi wadogo waliniogopa kidogo na mimi nilipenda hivyo. Siku hiyo ilikuwa mchana wa masika. Wingu lilitoka upande wa ziwa, likafunika, umeme ukakatika na mvua ikapiga bati kiasi kwamba mtu ukimwita inabidi umsogelee. Watoto walikuwa kumi na mmoja, vitanda saba. Mimi nilikuwa kwenye kile chumba kidogo cha kuchanganyia dawa, ambacho zamani kilikuwa stoo, chenye dirisha la ukubwa wa daftari.

Dawa ya watoto wengi siku ile ilikuwa ya unga, ile inayokuja kwenye chupa ndogo yenye kizibo cha mpira. Unavuta maji ya sindano kwa bomba, unayaingiza kwenye chupa, unatikisa mpaka unga uishe, unavuta kipimo cha mtoto. Dawa hiyohiyo mtu mzima akichomwa kwenye msuli tunaichanganya na dawa ya ganzi, kwa sababu inauma sana. Lakini inayoingia kwenye mshipa haichanganywi na ganzi hata siku moja. Mshipani, ganzi inaweza kumsimamisha mtoto moyo. Hilo nilikuwa nalifundisha mwenyewe.

Maji ya sindano yalikuja kwenye vichupa vya plastiki, virefu kama kidole. Ganzi nayo safari ile ilikuja kwenye vichupa vya plastiki, virefu kama kidole. Maandishi madogo ya bluu huku, maandishi madogo ya bluu kule. Rafu ya kabati ilikuwa imevunjika wiki iliyotangulia, nami nikaviweka vyote kwenye bakuli moja la chuma. Mimi ndiye niliyeviweka.

Nilichanganya kwa mwanga wa simu niliyoishika kwa meno. Niliandaa mabomba manne, nikampa Editha trei, akaenda kuchoma.

Wa pili alikuwa mtoto anaitwa Limi, mwaka mmoja na miezi minne. Kupitia ile mvua nilimsikia mama yake akiita, "Sista, njoo umwone mtoto, amekakamaa." Nilipofika Editha alikuwa ameshaitoa sindano kwenye kanula, ule mrija wa mshipani, na mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima, kisha akalegea, kisha kifua kikasimama. Nilimbeba nikamlaza juu ya meza ya daftari la wodi, nikachukua mfuko wa kupumulishia, nikaanza kubana. Editha aliomba kwa sauti huku anatafuta dawa ya degedege. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba nilipoona kifua kimepanda bila mkono wangu, nilikaa sakafuni mbele ya wagonjwa.

Gari lilimpeleka hospitali kubwa mjini. Mimi nikarudi kwenye kile chumba. Nikachukua vichupa vitupu nikavisogeza dirishani kimoja kimoja. Cha tatu kilikuwa cha ganzi.

Kabula, nilikiweka mfukoni mwa gauni la kazi. Jioni nikakitupa chooni.

Kukosea kwenye giza ni jambo moja. Kile cha mfukoni nilikifanya mwanga ukiwa umesharudi.

Kamati ikakaa. Daktari aliyempokea Limi alisema dawa ile ikisukumwa haraka mno mshipani inaweza kumletea mtoto shida. Wakauliza, nani alichoma? Editha akasema, mimi. Ulisukuma kwa muda gani? Akasema alihesabu, ila mvua ilikuwa kubwa, pengine alihesabu haraka. Wakaandika. Mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, na nilipoulizwa kama nina la kuongeza nikasema, "Editha ni binti mwenye bidii." Basi. Nilidhani hayo ndiyo maneno ya kumsaidia. Wakamsimamisha kazi.

Nilimwambia baba yako usiku uleule. Akasema, "Mtoto amepona. Wako wanasoma. Unataka nini tena?" Simlaumu. Alisema kile nilichokuwa nimekuja kukisikia kwake, na kama angesema kingine huenda ningemkasirikia.

Limi alirudi baada ya siku tano, anatembea. Mama yake akaja nyumbani kwetu na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kunishukuru kwa kumwokoa mwanawe, akasema yule binti mwingine Mungu atamlipa. Ile michembe ndiyo niliyowapikia na karanga, ukaomba kuongezewa. Nilikuongezea.

Nilikaa miezi saba hivyo. Usiniulize ni nini kilichonigeuza, kwa sababu hapakuwa na ndoto wala mahubiri. Siku moja nilikuwa namsahihisha nesi mpya mbele ya wenzake, nikamwambia, "Ukikosea, sema," kisha nikageuka nikatoka, nikawaacha wamesimama. Jumamosi yake nikapanda gari nikaenda Usagara.

Editha alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka pale njia panda, anashona sketi za shule. Akasimama kunisalimia, "Shikamoo da Vero," akanitafutia kigoda. Nikamwambia nikiwa nimesimama bado. Nikamwambia yote, na kile kichupa, na choo.

Akakaa. Akashona mshono mpaka mwisho, akakata uzi.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba nimeamini ni mkono wangu. Nikimshika mtoto wa dada yangu naogopa kumbana. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ondoka, da Vero."

Nikaondoka. Nilikuwa nimeshavuka barabara aliponiita. Hakuja, aliita kutoka palepale, na watu wa dukani wakageuka. "Usije kuniambia mimi peke yangu ukaenda zako umepumua. Kaandike. Na jina lako liwepo."

Hakunisamehe siku ile, na ninashukuru hakunisamehe. Angenisamehe ningeishia hapo.

Nikaandika. Kurasa mbili, na jina, na namba yangu ya kazi. Baba yako aliisoma, akaniuliza kama nina hakika, kisha akanitafutia bahasha. Waliniondoa kwenye ufawidhi, wakanipa onyo la maandishi, wakanihamishia zahanati ya huku mjini. Editha walimfutia adhabu. Alirudi kazini baadaye, kituo kingine, kwa hiari yake. Hatujawa tena kama zamani. Hunipigia simu kwa mambo ya kazi, hunisalimia vizuri, na pale kwenye mazungumzo ambapo zamani tungecheka kuna kimya kidogo. Kimya hicho nimekizoea na sitaki kukipamba.

Kabla ya kuhama nilikwenda pia kwa mama Limi. Nilimkuta shambani anapanda viazi. Alisikiliza huku ameegemea jembe, na nilipofika kwenye maneno ambayo wote tumefundishwa kuyasema, kwamba tumejifunza na sasa tutakuwa makini zaidi, akanikatiza.

"Ulikuwa hauko makini siku ile?"

Nikafikiri. "Nilikuwa makini."

"Basi kuongeza umakini ni kuongeza nini?" Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia ndoo yake, "Hilo bakuli liko wapi sasa?"

Kabula, lilikuwa palepale. Mimi nilikuwa nimeshaungama, nimeshapewa onyo, nimeshapakia vyombo, kila mtu ameshaadhibiwa aliyepaswa na asiyepaswa, na bakuli lilikuwa mezani na maji na ganzi ndani yake. Ukutani juu yake walikuwa wamebandika karatasi mpya: WAUGUZI KUWENI MAKINI.

Nilirudi kituoni nikaibandua ile karatasi. Sijui kama nilikuwa na haki ya kuibandua, nilikuwa sina cheo tena. Niliibandua. Hasira iliyonishika siku ile ndiyo ninayokuachia badala ya mkufu au kitenge. Miaka yote hiyo walikuwa wanaiambia mikono yetu iwe makini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuviambia vile vichupa visifanane.

Hapa Mabatini, ukishuka kuelekea sokoni, kulikuwa na fundi wa kukereza miguu ya vitanda, mzee Haruni. Unamkumbuka kwa kofia yake na redio. Nilimpelekea mchoro wa kibao chenye matundu mawili, moja la chupa ya unga na moja la kichupa cha maji. Nilikuwa nimeuchora vizuri kwa rula. Aliutazama akanirudishia.

"Shikamoo yako nimeipokea, mama," akasema, "lakini huu ni mchoro wa mtu anayefanya kazi vizuri. Mtu anayefanya vizuri hana haja ya kibao. Nioneshe ulivyokosea."

Hakuwa anajua lolote kuhusu dawa. Akanipa vijiti viwili vya mbao vinavyofanana, akaniambia kimoja ndicho maji nikitafute, akanifunga macho kwa kitambaa cha kufutia vumbi, akawasha mashine ili kuwe na kelele, na akawa ananiuliza maswali ya kipuuzi, bei ya dagaa, jina la mume wangu, huku nachagua. Nikakosea. Akanirudisha. Nikakosea tena. Mara ya nne nikaanza kulia pale kwenye vumbi la mbao, naye hakuzima mashine. Akasema, "Sasa naona. Mkono wako hauwezi kujua kitu ambacho kidole hakiambiwi."

Wazo la pete lilitoka hapo. Kata mpira wa kumwagilia bustani vipande vyembamba kama pete, uvivishe vichupa vya ganzi, kila kimoja, siku ileile boksi linapofunguliwa. Ifanyike asubuhi, na mtu ambaye hana mgonjwa mbele yake. Baadaye, mvua inyeshe, umeme ukatike, kidole kinakuta pete, na hata kidole kikilala, kichupa chenye pete hakiingii kwenye tundu la kibao. Kinagoma.

Wewe na mdogo wako mmekata pete hizo sakafuni hapa, mkitoka shule, na ule mkasi wenye mpini wa kijani. Mlidhani ni kazi ya mama tu. Mlipiga kelele mno.

Kibao cha kwanza hakuna aliyekitumia. Nilikasirika, nikamwambia mzee Haruni manesi ni wavivu. Akaniambia kitu kinachokataza tu, mtu atakiweka kando siku ya haraka, na siku ya haraka ndiyo uliyokitengenezea. Kwanza kimsaidie. Nikampelekea kibao Editha. Aliishika chupa, akasema bila kunitazama, "Mkono mmoja huwa nao mtoto. Huo mwingine ndio ninaovutia dawa. Kama hiki kingeishika chupa imeinama, ningevuta mpaka tone la mwisho." Tukalipinda tundu. Ndipo manesi wakaanza kukigombania, na hawakukigombania kwa sababu ya usalama. Walikipenda kwa sababu kiliwapumzisha mkono. Pete ikaingia humo humo na msaada.

Kisha nikakipeleka kwenye kikao cha wakubwa. Bwana mmoja mwenye suti nzuri alikigeuza geuza kama mnunuzi anayekagua macho ya samaki, akasema, "Sista, tunathamini jitihada. Lakini vifaa tiba vinabuniwa na wataalamu. Hapa tatizo ni umakini."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Katika kunyamaza nilikuwa nimebobea. Badala yake nikasimama nikamwambia, "Kwenye kosa hili mtaalamu ni mimi. Nililifanya mwenyewe. Katika chumba hiki kuna mwingine anayelijua kuliko mimi?"

Mama mmoja wa maabara, mwenye nywele fupi za mvi, akasema kwa upole kwamba mbao inanyonya maji na haisafishiki, itabeba vijidudu. Hilo lilikuwa kweli, na nilikaa chini. Uzijue sauti hizo mbili, mwanangu, kwa sababu chuoni utazisikia zote na zitakuwa zimevaa koti moja. Moja inakuambia wewe ni nani usikisogelee hiki. Nyingine inakuambia hiki chako kina tundu hapa. Ya kwanza usiipe hata usingizi wako. Ya pili iendee mbio hata kama aliyeisema hakupendi.

Kesho yake nilinunua vibao vya plastiki vyeupe vya kukatia nyama, vile vizito, mzee Haruni akavitoboa. Vinafutika kwa spiriti, vinachemshwa. Nikapeleka tena. Wakasema kusubiriwe. Nikapeleka tena. Wakasema faili limepotea. Nilipeleka mara ya nne nikiwa nimebeba faili lingine kama lile, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi na chakula changu kwenye bakuli. Wakaruhusu kijaribiwe kwenye wodi moja, nadhani ili niondoke pale mlangoni. Sasa kipo kwenye wodi chache. Hakina jina langu na sijali. Mzee Haruni alifariki kabla hakijafika wodi ya tatu, na kwake nilijali.

Kwenye masomo yako ya vifaa tiba utakwenda kufundishwa kwa mashine ambazo mimi sijawahi kuzigusa. Kutakuwa na bomba la sindano linalojifunga lenyewe likishatumika, dawa inayokuja imeshapimwa kwenye bomba lake, kifaa kinachomwambia mgonjwa wa sukari amejichoma dawa kiasi gani. Jifunze zote, na usizionee haya wala usizisujudie. Tuliletewa mashine moja ya kupimia dawa kutoka mbali, nzuri kama saa ya ukutani. Ilitaka umeme usiokatika na kipande fulani cha kubadilisha kila mwezi. Ipo stoo na imefunikwa shuka. Aliyeitengeneza hakuwa mjinga, hakuwahi tu kusimama kwenye chumba chetu mvua ikinyesha. Wewe umesimama. Umekulia nyuma ya wodi ile. Usikubali mtu akuambie hiyo si elimu.

Na utakutana na neno. Sijui chuoni wataliandikaje, lakini litakuwa na maana kwamba kifaa kilikuwa kizima, aliyekosea ni anayekitumia. Kwenye ripoti ya Editha lilikuwepo, mstari mmoja, na mstari huo ulitosha kumtoa binti kwenye kazi aliyoiombea tangu akiwa mdogo. Ukiliona popote, usitie sahihi. Omba kwanza uoneshwe chumba. Watakuona mkaidi. Nakuomba uwe mkaidi.

Sitaki pia ufikiri kwamba mama yako alikosea zamani, akarekebisha, hadithi ikaisha vizuri. Jumatano hii nilipigiwa simu na nesi wa kituo kimojawapo kinachotumia kibao. Aliongea kwa shida. Alikuwa na mtu mzima wa kuchomwa kwenye msuli, pete ilikuwa inakaza akashindwa kuvunja shingo ya kichupa, akaikata pete kwa mkasi, akatumia nusu. Kile kilichobaki akakiweka mezani bila pete. Mwenzake alikuja akakishika amchanganyie mtoto. Kikaingia tunduni vizuri kabisa. Bahati yake alisoma maandishi.

Bahati, Kabula. Miaka yote hii, na tumeokolewa tena na macho ya mtu.

Yule binti alikuwa analia, anasema, "Mama nisamehe, nimekiharibu kibao chako." Nikamwambia hajaharibu kitu, kibao ndicho hakikuijua haraka yake, na amefanya jambo ambalo mimi nilishindwa kulifanya kwa miezi saba. Amesema siku ileile. Nikamuuliza kama mfawidhi wake anajua. Akasema anaogopa. Nikamwambia, "Mwambie nimekosea mimi niliyekitengeneza. Jumatatu nakuja, tutakaa wote watatu."

Kwa hiyo Jumatatu wewe ukiwa unatafuta darasa lako, mimi nitakuwa Misungwi kwa yule nesi. Sijui bado tutafanyaje. Pengine pete iwe laini zaidi, pengine kichupa kikishafunguliwa kiwe na mahali pa kutupwa palepale kwenye kibao. Nimechora mbili tatu nyuma ya kalenda na zote zina kasoro. Sioni aibu. Aibu yangu naijua sura yake, ilikuwa na ukubwa wa kidole na iliingia mfukoni.

Baba yako amepiga simu, tiketi imepatikana, kiti cha dirishani. Nanyi mtakuwa njiani mnarudi. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako, chini ya vyeti, ili uisome ukiwa umeshafika na huwezi kunijia jikoni na uso ule wako.

Ukimaliza kuisoma unaweza kunikasirikia. Una haki, hasa kwa ajili ya Editha. Mpigie, usipite kwangu. Akitaka kukueleza kwa upande wake, msikilize mpaka mwisho wala usinitetee.

Na huko chuoni siku ya kwanza watawazungusha, kila mtu aseme jina lake na kilichomleta. Najua utakavyotaka kusema, kwa sababu unanipenda: kwamba mama yako ni nesi, aliwaokoa watoto, alibuni kibao. Usiseme hivyo. Sema mama yako alimchanganyia mtoto wa mwenzake dawa isiyo yake, akanyamaza, mtu mwingine akaadhibiwa, kisha akasema. Sema umekwenda kujifunza kutengeneza vitu ambavyo mtu mzuri, aliyechoka, gizani, hawezi kumuua navyo mtoto. Wakikutazama, watazame.

Usinifichie, Kabula. Nimeshajificha vya kutosha.

Mama yako,
Veronika